Tarehe Zilizopita

Ijumaa asubuhi wapangaji wa jengo la ghorofa kumi waliamua kupanda ngazi. Hakuna aliyewatangazia. Mmoja alisimama mbele ya ubao wa matangazo pale ukumbini, akasoma, akautupia jicho mlango wa lifti, akashika ngazi. Wa pili akafuata. Ilipofika saa mbili lifti zote mbili zilikuwa zimetulia chini, taa zinawaka, hazina abiria, na ngazini watu wazima wamejishika viuno wakihema.

Ubaoni palibandikwa orodha ya kurasa tatu: lifti, pampu na mitungi ya kuzimia moto, mistari sitini na nne kwa jumla. Katika kila mstari kulikuwa na kisanduku chekundu. Hata mmoja uliosalimika hakuna. Pembeni Meneja alikuwa ameongeza kwa mkono, herufi kubwa: NYEKUNDU NI KAZI ILIYOCHELEWA.

Fundi wa jengo, mwenye orodha hiyo, alitokea wakati huo huo, tena ndani ya lifti. Alikuwa ametoka juu kwenye chumba cha mota, ovaroli imefungwa hadi shingoni, sanduku la spana mkononi. Jengo zima lilimwita Mama Lifti, na baada ya miaka ishirini na miwili hata yeye alipoitwa kwa jina lake la cheti alichelewa kuitika. Mlango ulipofunguka, watu waliokuwa ukumbini wakamkodolea macho.

"Umeshuka na hiyo?" aliuliza mpangaji mmoja.

"Ulitaka nishuke na nini?"

Yule mpangaji akaelekeza kidevu ubaoni, akampa mtoto wake mkono, akaanza ngazi. Mama Lifti akasogea. Aliitambua kazi ya mumewe mara moja, ile mistari iliyonyooka na nafasi sawa pembeni. Halafu akasoma maneno ya Meneja. Akayasoma tena.

Nyuma yake alipita Nesi wa ghorofa ya saba. Nesi alikuwa amestaafu na magoti yake pia, na ndiye mwenyekiti wa wapangaji. Alikuwa na mfuko wa viazi. Kwa kawaida angesimama wakataniana, kwa kuwa wamezoeana kama ndugu. Siku hiyo alisema tu, "Haya, mama," akashika chuma cha ngazi, akapanda kidato kimoja, akapumzika, akapanda kingine. Mama Lifti akabaki akisikiliza viazi vinavyogongana ndani ya mfuko, ghorofa baada ya ghorofa. Iliuma kuliko ile orodha.

*

Meneja alikuwa na miezi minne kazini. Tangu aje hakuwahi kumsalimia Mama Lifti bila shikamoo.

"Habari," alisema leo.

"Nzuri. Nimekuja kwa ile orodha."

"Hata mimi nilikuwa nikutafute." Alisukuma bahasha mezani. "Hiyo ni barua ya kujieleza. Kesho saa nne tuna kikao na wapangaji hapo chini. Utajieleza mbele yao, halafu tutaona. Kuna kampuni imeshaniandikia, wako tayari kuchukua kazi hata wiki ijayo."

"Kwa kosa gani?"

"Mama, mistari sitini na nne. Yote imechelewa."

"Yote?"

"Yote."

"Meneja, hata mtu mvivu angebahatisha mmoja."

Meneja akatafuta la kusema, akapata. "Kompyuta haina chuki na mtu."

"Lakini umeisoma?"

"Nimeiona."

"Nimekuuliza kama umeisoma."

"Rangi inatosha, mama. Ndiyo maana nikaitaka."

Mama Lifti alitazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa kimeacha alama ya grisi kwenye sakafu ya ofisi, na alijua kabla hajafika mlangoni mtu ataitwa kuifuta. Lililobaki kuulizwa lilikuwa moja.

"Na vyumba?"

Vyumba viwili vya nyuma ya jengo, vinavyotazamana na matangi ya maji, ndivyo alivyokuwa akiishi na mumewe. Watoto watatu walikulia humo wakaondoka.

"Vyumba vinakwenda na kazi," alisema Meneja. "Unajua." Hapo alau aliona haya, akafungua droo ambayo haikuwa na kitu.

*

Mumewe alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Huyo alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu, na watu walimwita Mzee Chapa. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: asiguse mtu mashine yake kwa mikono michafu. Kompyuta yake mpakato, iliyochakaa bawaba, ilifunikwa kwa taulo safi, na kila jioni alizifuta herufi moja moja kwa pamba yenye spiriti. Mama Lifti, ambaye grisi ilikuwa imehamia kabisa kwenye kucha zake, kwa miaka mitatu hakuwa ameweka hata kidole hapo. Sheria ya pili: mpiga chapa habadilishi neno la mtu. Mkubwa akikosea, unapiga kosa lake, lakini unalipiga vizuri.

Meneja alipodai orodha iwe kwenye kompyuta, Mzee Chapa ndiye aliyelichukua daftari la mkewe, akakaa nalo siku sita. Hata hiyo rangi inayojiwasha yenyewe alijifundisha kwa kutazama video, mara nane, miwani miwili puani.

"Wamesemaje?" aliuliza, akijitahidi asitabasamu mapema.

Mama Lifti alitaka amfiche walau hadi anywe chai. Hakuweza. Akaiweka barua mezani.

Mzee Chapa akaisoma. "Hajaacha nafasi baada ya nukta," alisema. Kisha akafika aya ya pili, akavua miwani.

"Wanasema nimechelewesha vyote," alisema mkewe. "Kila nyekundu ni kazi iliyochelewa."

"Nani kasema?"

"Ameandika pale ubaoni."

"Lakini nyekundu ni kazi uliyoifanya." Mzee alisimama. "Mimi nilipoona vyote vimewaka, nilisema mke wangu huyu ni jembe. Nilikaa nikaitazama ile orodha kama nusu saa. Nilisema sasa wataona."

Mama Lifti akamtazama. Siku sita mume huyu alikuwa akimpamba, na kila alipompamba alimchimbia shimo. Hasira ilimpanda, ikakuta lile shati lililopigwa pasi, ikateremka.

"Ulijuaje uweke rangi wapi?"

Mzee hakuwa mtu wa kujibu kwa mdomo kama karatasi ipo. Akafungua jalada, akatoa kikaratasi cha Meneja, mwandiko wake mwenyewe: *Tarehe zote zilizopita ziwe nyekundu.*

"Zilizopita," alisema, akigonga neno kwa kidole. "Nikaziweka zilizopita."

"Nionyeshe."

Taulo likaondolewa. Orodha ikafunguka. Mzee akaeleza, polepole, kama alivyoeleza yule wa kwenye video. Safu ya tatu ni tarehe kazi ilipofanyika. Safu ya nne ni tarehe inapotakiwa kurudiwa. Kompyuta inahesabu siku kama namba, kwa hiyo jana ni ndogo kuliko leo. Unaipa sharti: tarehe ikiwa ndogo kuliko leo, paka nyekundu. Inatii. Kesho ikifika inahesabu upya yenyewe, huhitaji kuigusa.

"Masharti kama ya mganga," alisema Mama Lifti. "Na hili sharti umeliweka safu ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu ndiyo niliyoifanya."

"Ndiyo. Imepita."

"Bwana wewe, kila nililowahi kulifanya limepita. Harusi yetu imepita. Ni nyekundu?"

"Ni nyekundu sana."

"Basi kwa Meneja hatujaoana. Tumechelewa miaka thelathini na minne."

Mzee Chapa alifungua mdomo acheke, ukabaki wazi. Akachukua kikaratasi. Akakitazama kile alichokitazama siku sita.

"Alitaka zilizotupita," alisema kwa sauti ndogo. "Akaandika zilizopita."

"Ee."

"Moja imepita ukiwa umeifanya. Nyingine imekupita umekaa."

"Na wewe ukapiga alichoandika."

"Nilipiga alichoandika," alisema Mzee Chapa, na kwa mara ya kwanza maneno hayo hayakumpa raha.

*

Sharti likaondolewa safu ya tatu, likapelekwa safu ya nne. Wekundu ukafagiwa kwenye skrini kama mtu amefungua dirisha. Vikabaki visanduku kumi.

"Kumi?" Mama Lifti aliinama. "Hapana. Hivi tisa ni mitungi tuliyoiondoa, ile ya zamani. Haina tarehe ya kurudia. Visanduku ni vitupu."

"Kitupu kompyuta inakisoma sifuri," alisema Mzee. "Sifuri nayo ni ndogo kuliko leo." Akakuna kichwa. Akaongeza sharti la pili: tarehe iwe ndogo kuliko leo, na kisanduku kisiwe kitupu. Vile tisa vikazimika kwa pamoja.

Kikabaki kimoja.

Mama Lifti alikumbuka kabla hajasomewa. Mzee akasoma kwa sauti ya ofisini, "Mtungi namba arobaini na moja, chumba cha pampu. Kurudiwa tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita." Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye jicho la kushoto.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita ndiyo siku alipotolewa mtoto wa jicho. Mkewe alikaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri hadi giza linaingia, na siku tatu zilizofuata alikuwa akimtilia dawa matone matone.

"Niliporudi kazini nilianza ukurasa mpya," alisema Mama Lifti. "Ule wa nyuma nilidhani nimeumaliza. Daftari halimwiti mtu."

Alichukua sanduku la spana akatoka mbio. Baada ya dakika kumi alirudi nalo. Ufunguo wa chumba cha pampu Meneja alikuwa akikaa nao mwenyewe tangu aje, na Ijumaa mchana ofisi ilikuwa imeshafungwa. Simu yake iliita hadi ikachoka.

"Kesho naweza kuanzia ukurasa wa pili," alisema Mzee Chapa, bila kumtazama. "Huo mstari uko ukurasa wa kwanza. Hakuna atakayeuona."

Mwanamume ambaye hajawahi kubadilisha nukta ya mtu alikuwa tayari kuficha mstari mzima kwa ajili yake. Mama Lifti aliliona hilo, na likamgusa, akaliweka mahali pake.

"Iache iwake. Tukiificha hii, zile nyingine nani ataziamini?"

*

Jumamosi saa nne watu kama thelathini walikaa ukumbini kwenye viti vya plastiki, wengi wakikanda mapaja. Mzee Chapa alikuwa ameweka kompyuta kwenye meza ya mlinzi na kuigeuza iwatazame. Meneja alifungua kikao kwa maneno marefu kuhusu usalama, akataja ile kampuni mara tatu.

"Fundi atajieleza," alimaliza.

Mama Lifti alisimama na ovaroli yake. Alikuwa ameandikiwa na mumewe barua nzuri ya ukurasa mmoja, akaisahau mfukoni.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Ile karatasi ya ubaoni ni kweli tupu. Tarehe zile zimepita. Ni siku nilizofanya kazi. Kamba ya lifti hii nimeikagua tarehe tatu, na tarehe tatu imepita. Jana nayo imepita, na wote mmelala mkaamka. Kosa si tarehe kupita. Kosa ni tarehe kukupita."

Wengine walikuwa bado wanayageuza maneno vichwani. Nesi wa ghorofa ya saba hakuhitaji kugeuza.

"Kama kadi ya chanjo," alisema. "Tarehe iliyopita ni sindano umeshachomwa. Ya kuhofia ni ile ya kurudi, ukiwa hukurudi." Akamgeukia Meneja. "Wewe ulipaka sindano walizochomwa?"

"Mimi nilitoa maelekezo," alisema Meneja. "Aliyepaka ni mpiga chapa."

Mzee Chapa alikuwa na kile kikaratasi kwenye mfuko wa shati. Hakukitoa. Aliuweka mkono juu ya mfuko, akaushusha.

"Sasa angalieni iliyo sahihi," alisema Mama Lifti.

Watu wakasogea. Kurasa zilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini, isipokuwa sehemu moja.

"Ile moja je?" aliuliza Nesi.

"Ile ni yangu. Mtungi wa chumba cha pampu. Nimechelewa siku ishirini na tisa."

Mzee Chapa aliinua kichwa. Alitegemea aseme habari za hospitali. Mtu yeyote angesema, na ukumbi mzima ungemwonea huruma. Mkewe hakusema. Alisimama na siku zake ishirini na tisa bila kuziegemeza kwa mtu.

"Kwa hiyo unakiri," alisema Meneja.

"Nakiri mmoja. Naomba ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa chumba cha pampu. Tangu jana mchana nautafuta, na simu hupokei."

Meneja akajipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Ufunguo ulikuwa umejichanganya na wa gari lake. Mama Lifti akaenda, akarudi amekumbatia mtungi mwekundu kama mtoto aliyelala. Akauweka sakafuni mbele yao. Akatazama mshale wa kipimo: umesimama kwenye kijani. Akavuta kidogo pini: imekaa. Akaangalia lakiri inayoifunga pini, akapitisha kidole kwenye mpira tangu shingoni hadi mdomoni akitafuta ufa, akaupima mtungi kwenye mizani ya mkono. Akaupindua mara mbili, sikio likiwa ubavuni mwa mtungi, asikie unga wa kuzimia moto unavyoshuka ndani. Hakuharakisha hata kidogo. Watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakimpita bila kujua anafanya nini ndani ya vile vyumba vidogo walikaa wakitazama, na mtoto mmoja alipouliza swali mama yake alimwambia asubiri.

"Mzima," alisema. Akaandika kwenye kadi ya mtungi. "Andika, Mzee. Arobaini na moja. Leo."

Mzee Chapa akaandika. Tarehe ya kurudia ikajihesabu yenyewe miezi mitatu mbele, na kile kisanduku cha mwisho kikawa cheupe.

Nesi alinyanyuka kwenye kiti chake, akashika goti moja, akaenda kubonyeza kitufe cha lifti. Mlango ukafunguka. Hakuingia bado.

"Meneja," alisema, "ile barua ya kujieleza?"

"Nitaiondoa."

"Na ile kampuni?"

"Nitawajibu kwamba hatuna nafasi."

"Na pale ubaoni tunataka tangazo. Sasa hivi, kabla watu hawajatawanyika. Mpiga chapa si huyo hapo?"

Meneja alisogea kwenye meza ya mlinzi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa maneno aliyoyameza. Akasema, na Mzee Chapa akayapiga yakitoka, neno kwa neno, bila kutazama vidole:

"Wapangaji wote wanaarifiwa kuwa orodha iliyobandikwa Ijumaa haikuwa sahihi, kutokana na kosa la mpiga chapa."

Vidole vya Mzee havikusita hata kwenye neno la mwisho. Aliweka nukta, akaacha nafasi kama inavyotakiwa, akaweka mikono mapajani.

"Futa hilo," alisema mkewe.

"Ni neno la Meneja," alisema Mzee Chapa. "Sibadilishi neno la mtu." Alisema kwa utulivu, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Basi nipishe."

Akampisha. Mama Lifti akakaa kwenye kiti cha mlinzi. Mikono yake ilikuwa imetoka kwenye mtungi na vumbi la pampu na grisi ya miaka ishirini na miwili. Akakitafuta kitufe cha kufuta, akakipata, akakibonyeza mara nyingi, *mpiga chapa* ikaliwa herufi moja moja kutoka nyuma. Halafu kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta skrubu iliyoanguka, akaandika: *maelekezo ya ofisi*. Ilimchukua dakika nzima.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Meneja?" aliuliza. "Au tutoe kile kikaratasi?"

Meneja alimtazama Mzee Chapa, ambaye alikuwa ametazama dari, mkono juu ya mfuko wa shati.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Meneja. "Mama."

Tangazo likatolewa, likatiwa saini, likabandikwa. Nesi akaingia kwenye lifti wa kwanza, wakaingia naye watu wanne, na wengine wakangoja irudi.

Jioni ile, kama kawaida yake, Mzee Chapa alikaa na pamba na spiriti akafuta herufi moja moja. Alipofika kitufe cha kufuta alikuta alama nyeusi ya kidole, nzima, hata mistari ya ngozi inaonekana. Akairuka, akaendelea na kitufe cha pili. Alipomaliza akafunika kompyuta kwa taulo safi, akamwita mkewe wanywe chai.